Kupaka kolamu ya kapilari kwa mikono yako: mwongozo kamili kutoka Tanga

Mtu anayetuletea chupa ya mafuta ya karafuu kutoka Muheza huwa na swali moja tu: yamechakachuliwa au la? Kumjibu kunataka mashine ya kromatografia ya gesi, na roho ya mashine hiyo ni kolamu, yaani mrija mwembamba uliopakwa utando wa mafuta mazito ukutani kwa ndani. Sampuli hugeuzwa mvuke, gesi ikausukuma mrijani, na kila kemikali ikachelewa kadiri inavyopenda kuzama katika utando ule. Utando huo wataalamu huuita awamu tuli.

Nianze kwa kusema ukweli. Kama majibu yako yataandikwa kwenye cheti cha kuuza mafuta nje au yatafika mahakamani, nunua kolamu ya kiwandani. Ya kujipakia inafaa kufundishia, kufanyia majaribio, kupata unene wa utando usiouzwa, au kuokoa kazi wakati kolamu uliyoagiza bado iko njiani. Faida nyingine haina bei: ukishapaka tatu nne, hata ya kununua unaisoma kwa jicho jingine.

Mrija wenyewe

Marcel Golay, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Marekani, ndiye aliyeonyesha mwaka 1957 kwamba mrija mtupu wenye utando ukutani unatenganisha kuliko mrija ulioshindiliwa chembe. Kwa miaka mingi baadaye watu walitumia kioo, na kioo kina sodiamu, kalisi na boroni zinazozishika kemikali njiani. Mwaka 1979 Dandeneau na Zerenner wa Hewlett-Packard walileta mrija wa silika safi, wenye metali kidogo mno, ambao siku hizi huvikwa nje ganda la poliimaidi (plastiki inayohimili joto) la rangi ya kahawia ili usivunjike. Huo ndio tunaotumia mpaka leo.

Agiza mrija usiotibiwa, kipenyo cha ndani milimita 0.25. Kwa mara ya kwanza usizidishe mita 15. Uzungushe kwenye fremu ya waya yenye upana unaoingia ndani ya oveni yako, bila kuukunja kwa nguvu. Unapokata, kwaruza ganda mara moja kwa kipande cha seramiki, kisha pinda kidogo uvunjike wenyewe. Utazame mkato kwa lenzi: uwe tambarare kama sarafu. Mkato wenye meno utakusumbua hadi siku ya mwisho, na utakuwa unalaumu utando bure.

Ukuta kabla ya rangi

Mzee aliyenifundisha kazi hii alinikuta siku moja nimeshachanganya dawa ya kupaka. Akauliza, "Mwanangu, ukuta umeuosha?" Nikamjibu kwamba mrija ni mpya, mzee wangu, umetoka kwenye boksi sasa hivi. Akacheka, akaenda zake kunywa kahawa. Kolamu ile ilitoa vilele, yaani vile vilima ambavyo mashine huchora kila kemikali inapotoka, vyenye mikia mirefu kama ya kima, na hakuniambia neno.

Ukuta wa silika umejaa vikundi vya silanoli, yaani silikoni iliyobeba oksijeni na haidrojeni. Vikundi hivi hushika pombe, asidi na amini kama matandu ya kwenye sufuria. Tunataka kuvifunika. Ila mrija wa silika ukitoka kiwandani, ulivyochomwa kwa moto mkali, silanoli zake ni chache na hazikupangana sawa, kwa hiyo dawa ya kuzifunika inashika hapa na kuruka pale. Ndiyo maana kwanza tunazirudisha kwa maji na joto, ndipo tunazifunika zote kwa mpigo. Linasikika kama jambo la kinyume, lakini ndivyo lilivyo.

Pitisha mililita 2 za methanoli, kisha mililita 2 za maji yaliyochujwa yenye asidi hidrokloriki asilimia 2. Zisukume kwa naitrojeni. Sasa puliza ili maji mengi yatoke, ukuta ubaki umelowa tu. Usiufunge mrija ukiwa umejaa maji: maji yanapopata moto hutanuka, na yasipopata nafasi mrija utapasuka ndani ya oveni. Ziba ncha zote mbili kwa mwali mdogo wa tochi ya gesi, zungusha mpaka silika iyeyuke na kujifumba. Weka kwenye oveni nyuzi 250 kwa saa mbili. Ukipoa, kata ncha ukiwa umevaa miwani, osha kwa maji safi hadi karatasi ya litmasi isionyeshe asidi, malizia na methanoli, kisha ukaushe kwa nyuzi 250 huku naitrojeni kavu ikipita kwa saa mbili nyingine.

Neno "kavu" usilipite haraka. Hapa pwani hewa ina unyevu mwaka mzima, na mtungi wa naitrojeni nao si wa kuaminiwa kwa macho. Weka kichujio cha unyevu na cha oksijeni baada ya regyuleta. Vichujio vyenye chembe zinazobadilika rangi ni vizuri, maana unaona vikichoka.

Dawa ya kufunika silanoli tunayotumia ni heksamethilidisilazani. Pitisha tone lenye urefu wa mita moja hivi ndani ya mrija, likipaka ukuta linapopita, ziba ncha tena kwa mwali, kisha pandisha joto taratibu hadi nyuzi 350 na uache saa nne. Poliimaidi ya kawaida haipendi kuzidi nyuzi 360. Hubadilika rangi na mrija huwa mwepesi wa kuvunjika. Ukifungua utasikia harufu ya amonia, na hiyo ni dalili kwamba dawa imefanya kazi. Fungulia ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Osha kwa dikloromethani, kausha.

Hapa kuna jambo ambalo waanzaji wengi hulikosa. Ukuta uliofunikwa hivi umekuwa na tabia ya mafuta mepesi ya silikoni, na utapokea silikoni ya methili bila shida. Ukijaribu kuupaka awamu ya nta ya polietileni glaikoli, utando utajikusanya matone matone kama mvua juu ya jani la magimbi. Ukitaka utando wenye fenili nyingi, tumia dawa ya kufunika yenye fenili. Ukuta na rangi lazima vikubaliane kwanza. Mwongozo huu unafuata silikoni ya methili yenye fenili asilimia 5 na vinili kidogo (vikundi ambavyo baadaye vitatumika kuzifunga nyuzi za silikoni), aina inayojulikana kama SE-54, kwa kuwa ndiyo inayofaa mafuta ya viungo vyetu karibu yote: karafuu, mdalasini, iliki, mchaichai.

Kukokotoa dawa ya kupaka

Njia tunayofuata inaitwa upakaji tulivu: unaujaza mrija wote kwa mchanganyiko mwepesi, unaziba upande mmoja, unavuta kiyeyushi kwa ombwe upande wa pili, na kilichobaki ukutani ndicho utando. Uzuri wake ni kwamba unene unaujua kabla hujaanza:

unene = nusu-kipenyo × asilimia ya awamu kwa ujazo ÷ 200

Nusu-kipenyo chetu ni maikromita 125. Tukitaka utando wa maikromita 0.25, tunahitaji asilimia 0.4. Kwa kuwa uzito wa silikoni unakaribia gramu 1 kwa mililita, hiyo ni miligramu 4 kwa kila mililita ya kiyeyushi. Mrija wa mita 15 unameza mililita 0.74 tu, lakini tengeneza mililita 10 ili mizani isikudanganye: miligramu 40 za SE-54.

SE-54 ni kama ulimbo. Haimwagiki, inakatwa kwa wembe. Iweke kwenye chupa ya kipimo, ongeza dikloromethani nusu, funga, iache mpaka kesho yake. Kwa peroksaidi ya dikumili, ambayo baadaye itazifunga nyuzi za silikoni zisitoke, usijaribu kupima miligramu 0.6 moja kwa moja. Yeyusha miligramu 10 katika mililita 10 pembeni, kisha chukua mililita 0.6 uongeze kwenye dawa yako kabla ya kufikisha alama. Hiyo ni asilimia 1.5 ya uzito wa awamu, na inatosha.

Vitabu vingi hupendekeza pentani kwa sababu hukauka haraka. Huko kwenye baridi, sawa. Pentani huchemka nyuzi 36, na Tanga ya mwezi wa pili, kaskazi ikivuma, chumba kisicho na kiyoyozi kinaikaribia. Utakuwa unajaza mrija kwa kitu kinachotaka kuchemka mkononi mwako. Dikloromethani huchemka karibu nyuzi 40. Si tofauti kubwa, ila ndiyo inayotenganisha kazi na karaha. Nayo ni waja leo waondoka leo hasa, kwa hiyo chupa isikae wazi hata dakika, maana kikiondoka kiyeyushi, miligramu 4 zako zimeshakuwa 5. Wala usiitoe kwenye friji ukaifungua ikiwa baridi: umande wa hewa yetu utaingia ndani. Iache ifikie joto la chumba imefungwa.

Mvuke wake ni mbaya kwa afya, na hupenya glavu za kawaida za maabara kwa dakika chache tu. Ikikumwagikia, vua glavu hapo hapo. Fanya kazi ndani ya kabati.

Chuja dawa kwa kichujio cha teflon cha maikromita 0.45, kisha iweke kwenye beseni la mawimbi ya sauti dakika tano, chupa ikiwa imefungwa, ili hewa itoke.

Kujaza na kuziba

Weka kichupa cha dawa ndani ya chombo kinachohimili shinikizo, ncha moja ya mrija izame, na sukuma kwa naitrojeni ya baa 2. Ujazo mmoja wa kolamu ya mita 15 utapita kwa dakika nne hivi. Subiri matone yaanze kutoka upande wa pili, kisha acha ujazo mmoja mzima upite na kumwagika. Anayebania dawa hapa huacha viputo vya hewa ndani.

Sasa kuziba, na hapa ndipo kolamu nyingi hufia. Kiputo kidogo kuliko chembe ya chumvi kikibaki kati ya kizibo na dawa, ombwe litakapoanza kitatanuka na kuisukuma dawa yote nje kama risasi. Njia iliyotufaa ni sodiamu silikati, ile ile inayouzwa kwenye maduka ya malighafi za sabuni. Haichanganyiki na dikloromethani, na ikikauka inakuwa jiwe.

Punguza shinikizo polepole hadi liishe. Chukua ncha ya kuziba ikiwa na tone la dawa limening'inia, izamishe kwenye tone la silikati lililo juu ya kigae, kisha shusha ncha ya pili sentimita 20 chini ya ya kwanza. Uzito wa dawa wenyewe utavuta silikati ndani. Kwa nusu dakika hivi utakuwa umepata sentimita moja, basi. Rudisha ncha ziwe usawa mmoja. Itazame kwa lenzi dhidi ya taa. Unaona mstari mmoja safi kati ya silikati na dawa? Endelea. Unaona duara la hewa? Kata, rudia. Hakuna "kidogo tu haidhuru" hapa.

Paka gundi ya epoksi nje ya ncha hiyo, na ncha ya pili iache imezama kwenye kichupa cha dawa ile ile ili isikauke. Lala. Kizibo kinataka usiku mzima.

Usiku wa ombwe

Zamisha kolamu yote ndani ya beseni la maji lenye thamostati na kikoroga, ncha wazi tu ikitokeza kwenda kwenye pampu. Joto la maji lisicheze zaidi ya nyuzi 0.1, kwa sababu likipanda ghafla dawa huchemka katikati ya mrija. Thamostati ya kawaida inajua kupasha, haijui kupoza. Ukiiweka nyuzi 28 na chumba kikafika 31 mchana, beseni litafuata chumba. Sisi huweka chumba nyuzi 25 na beseni 30, na tunapendelea majira ya kusi, Juni hadi Agosti, ambapo hata kiyoyozi kikichoka mambo hayaharibiki.

Acha kolamu ikae ndani ya maji saa moja. Fungua vali ya ombwe pole pole, kwa dakika mbili tatu. Ukiwa na taa nyuma yake utaona mstari wa dawa ukirudi ndani ya mrija wa kahawia: upande mmoja umejaa, upande wa pili umekauka. Andika ulipo kila nusu saa. Utaona unazidi kupunguza mwendo, na hilo si kosa. Kadiri unavyoingia ndani, mvuke una safari ndefu zaidi ya kutoka, kwa hiyo muda unakua kwa mraba wa urefu. Kolamu ya mita 15 humalizika kwa saa chache. Ya mita 30 itachukua mara nne ya hapo, na ndiyo sababu nilisema uanze na fupi.

Umeme ukikatika katikati, pampu ikasimama, hewa yenye unyevu hurudi kwenye mrija. Tulipoteza moja hivyo, saa nane ya usiku, zikiwa zimebaki mita mbili. Umeme uliporudi pampu ikawaka yenyewe kwa nguvu zote na dawa iliyobaki ikaruka. Sasa tuna betri na inveta kwa ajili ya pampu na beseni, na vali katikati ambayo mlinzi wa zamu anaifunga kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Mafuta ya pampu nayo hunyonya dikloromethani, yabadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema, na bomba lake la kutolea hewa lipeleke nje.

Kuna njia ya haraka zaidi, ya kusukuma tone la dawa nzito kupitia mrija, wengine wakilifuatisha na zebaki ili kulisawazisha. Unene huwezi kuujua sawasawa, na zebaki ndani ya chumba kidogo chenye joto ni jambo la kukataa. Nimeitaja ili ukikutana nayo uipite.

Kuufunga utando usitoke

Mstari ukifika kwenye kizibo, acha ombwe saa moja zaidi, kisha kata sentimita 30 kila upande. Kabla ya kuendelea, funga kolamu kwenye mashine na pima kitu kimoja, kwa mfano haidrokaboni iitwayo dodekani, kwa nyuzi 100. Pata k yake, yaani kipimo cha jinsi utando unavyoichelewesha: toa muda wa gesi isiyoshikwa kutoka kwenye muda wa dodekani, kisha gawanya kwa muda huo huo wa gesi. Iandike.

Jaza naitrojeni, ziba ncha kwa mwali, na pandisha joto kutoka 40 hadi 160 kwa nyuzi 4 kila dakika; kaa hapo saa moja. Peroksaidi itavunjika na kuzishika nyuzi za silikoni kupitia zile vinili. Fungua, osha kwa mililita 2 za dikloromethani, kausha, pima tena k ya dodekani kwa hali zile zile. Ikiwa ilikuwa 6.0 na sasa ni 5.6, umebakiza asilimia 93 ya utando, na hiyo ni kazi nzuri. Ikishuka chini ya nusu, peroksaidi ilikuwa ya zamani au oksijeni iliingia.

Kisha komaza, yaani ipashe moto gesi ikipita ili uchafu utoke. Unganisha upande wa injekta tu, pale sampuli inapoingizwa, upande wa pili uachwe huru ndani ya oveni ili uchafu usiende kwenye kigunduzi. Gesi iwe naitrojeni au heliamu, kamwe isiwe haidrojeni, maana haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa ndani ya oveni yenye moto inalipuka. Pitisha gesi nusu saa oveni ikiwa baridi ili oksijeni yote itoke, halafu panda nyuzi 2 kwa dakika hadi 280 na uache saa nne.

Kuijaribu bila kujipendelea

Muda wa gesi isiyoshikwa hupimwa kwa methani. Huku kwetu haina taabu, biogesi kidogo kwenye bomba la sindano inatosha kwa kigunduzi cha mwali. Kwa uwezo wa kutenganisha, chukua kilele kimoja cha haidrokaboni, upana wake katikati ya kimo, na hesabu: N = 5.54 × (muda ÷ upana)². Kilele cha sekunde 600 chenye upana wa sekunde 6 kinatoa 55,400, na ukigawa kwa mita 15 ni kama 3,700 kwa mita. Chochote juu ya 3,000 kwa mita mimi nakipokea kwa kolamu ya nyumbani.

Lakini haidrokaboni haina ubishi, hupita popote. Ukuta unasemwa na kemikali zenye ukorofi. Mwaka 1978 akina Grob walipendekeza mchanganyiko wa majaribio wenye alkani, esta, oktanoli, amini, fenoli, dioli na asidi kwa pamoja, na hadi leo haujapata wa kuuangusha. Ukisoma matokeo, jiulize nani ameumia. Alkani ikiwa pana, utando umejikusanya matone. Alkani ikiwa kali kama sindano lakini oktanoli ina mkia, silanoli zimebaki wazi. Amini ikipungua kimo au kutoweka, ukuta una tindikali. Fenoli na asidi zikiteseka, una ubesi. Kila kilele kikigawanyika mara mbili, rudi kwenye mkato wako.

Halafu weka vya hapa. Tone la mafuta ya karafuu lililozimuliwa kwenye heksani: eujenoli ni fenoli, na mkia wake utakuambia habari za ukuta haraka kuliko mchanganyiko wowote, kariofilini isimame peke yake pembeni yake. Mafuta ya mchaichai yatoe nerali na geraniali kama vilele viwili vilivyoachana kabisa hadi chini. Vikiungana shingoni, kolamu hiyo ni ya kufundishia tu.

Ikipita, izibe ncha kwa vipande vya septa (kizibo cha mpira cha injekta), iweke kwenye mfuko uliofungwa pamoja na silika jeli, na kwenye fremu ufunge karatasi yenye tarehe, urefu, unene wa utando, k ya dodekani, N kwa mita na joto la juu inaloruhusiwa. Sisi huandika pia majira: kolamu zetu za kaskazi na za kusi hazijawahi kufanana.